Kitambi changu kilinitokea puani, na dada yangu akapata figo

Wakuu, salamu kwenu wote, wa bara na wa pwani.

Mimi ni yule msomaji wa kimya. Napita, nacheka, naenda zangu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili limenipata mimi mwenyewe, kwa mwili wangu mwenyewe, na chumvi nimeiacha kwa nyama. Hapa ni ukweli mtupu, hata pale ambapo ukweli unanuka.

Kiswahili changu ni cha Kericho, kwa hivyo walinzi wa ngeli kaeni chini mnywe maji.

Naitwa Mwangi. Nina bucha hapa Kedowa, kando ya barabara. Wazazi wetu walihamia huku kutoka Central zamani, mimi na dada yangu Wairimu tukazaliwa hapa hapa. Wairimu ndiye kitinda mimba. Aliolewa na Mkipsigis mmoja mpole sana anaitwa Kiplangat, wako na shamba la majani chai na ng'ombe kadhaa wa maziwa huko Sosiot.

Sasa mjue kitu kuhusu mtu wa bucha. Hakuna mtu anamwamini mwenye bucha mwembamba. Watu watasema hata yeye hali hiyo nyama. Mimi nilichukua hiyo kazi ya matangazo kwa moyo wote. Asubuhi supu. Saa nne mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa. Mchana ugali na matumbo. Jioni naonja choma ya wateja kuhakikisha imeiva. Soda ya kusindikiza kila kitu.

Kitambi kilikuwa kinafika mahali kabla yangu. Mtoto wa jirani aliwahi kumuuliza mke wangu baba atajifungua lini.

Nilicheka. Maisha yalikuwa sawa.

Halafu figo za Wairimu zikakufa.

Ilianza na pressure ya mimba ya mwisho, haikushuka vizuri, akaipuuza, na siku moja miguu ikafura kama mikate. Kufika hospitalini wanasema figo zote mbili zimekwisha. Akaanza dialysis, kwenda mjini Kericho kila wiki, anakaa hapo kwa mashine masaa, anarudi nyumbani amechoka kama ametoka vitani. Maji ya kunywa anapimiwa. Mtu wa kwenye chai, mahali mvua inanyesha karibu kila alasiri, anaomba barafu kidogo alambe.

Dawa ya kweli ilikuwa moja. Figo ya mtu.

Kiplangat alijitolea wa kwanza, damu ikakataa. Kaka yetu mkubwa ana pressure, hakupimwa hata. Nikabaki mimi. Nikaenda nikijua mimi ni shujaa. Damu ikakubali. Figo zangu zikaonekana nzuri. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria vile nitamkumbusha Wairimu maisha yake yote kwamba anakojoa kwa hisani yangu.

Daktari wa upasuaji akaniita ofisini. Mtu mfupi, hana maneno mengi.

"Figo zako ni safi," akasema. "Shida ni nyumba zinakokaa."

"Unamaanisha?"

"Sukari yako iko karibu kuvuka mpaka. Ini lako limejaa mafuta. Nikikupasua hivi ulivyo naweza kupoteza wawili badala ya kuokoa mmoja. Enda ukapungue, kisha urudi."

"Nipungue kiasi gani?"

Akaangalia kitambi. Kitambi kikamwangalia.

"Sana," akasema.

Wakuu, nilitoka pale nikakaa kwa gari na sikuwasha. Nimewahi kusikia mtu anakufa kwa ajali, kwa malaria, kwa wivu. Dada yangu alikuwa anaelekea kufa kwa sababu ya mutura, na si yeye aliyeula.

Sasa vile mimi ni mtu wa shortcut, nikaanza na shortcut.

Kwanza nikajifunga nailoni tumboni, nikavaa sweta mbili na jaketi, nikawa napanda kilima cha nyuma ya Kedowa nikitoa jasho kama sufuria. Mizani ikashuka! Nikapigia Wairimu simu nikimwambia ajiandae. Nikanywa maji jagi moja na soda ya kujipongeza, mizani ikarudi pale pale. Nilikuwa nimechoma maji, si mafuta.

Halafu nikaingia mtandaoni nikaagiza majani ya chai ya kupunguza kitambi. Hebu fikirieni hilo. Mimi naishi katikati ya chai. Ukifungua dirisha ni chai. Ukianguka kwa barabara unaangukia chai. Na nikaagiza chai kutoka nje.

Nilikunywa vikombe viwili asubuhi nikaenda Sosiot kumwona dada. Tumekaa sebuleni, mama mkwe wake yuko hapo, mama wa heshima sana, anaombea familia. Katikati ya maombi tumbo likalia. Si kulia kwa njaa. Kulia kwa onyo.

Nikasema amina kabla ya maombi kuisha nikatoka mbio.

Choo ni cha shimo, kiko nyuma ya boma. Nilikaa humo mpaka miguu ikafa ganzi. Kila nikidhani nimemaliza, mwili unasema bado kidogo. Mara nasikia hatua za viatu vya gambuti nje. Ni yule mama mkwe, na yeye ameshikwa.

"Kuna mtu?" akauliza kwa upole.

"Kuna, mama."

Gambuti zikazunguka. Baadaye kidogo:

"Bado kuna mtu?"

"Bado, mama."

Niliporudi ndani Wairimu alikuwa amejilaza kwa kiti, machozi yanamtoka. Nikadhani amezidiwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Kiplangat akasimama pale mlangoni akimtazama tu, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hajamsikia akicheka. Basi hiyo chai haikuwa hasara yote. Lakini mafuta hata tone halikutoka, wakuu. Ilikuwa imenitoa maji na heshima.

Ni Wairimu aliyeniambia niende kwa yule dada wa lishe pale anapofanyiwa dialysis. Anaitwa Chebet, ni msichana mdogo lakini ana macho ya headmistress.

Nikamwambia mambo yangu yote, nailoni, chai, choo. Hakucheka. Akauliza, "Mzee, ukipata ng'ombe watatu siku moja, nyama unaweka wapi?"

"Nyingine naangika dirishani, nyingine naweka freezer."

"Mteja akija unakata ya wapi?"

"Ya dirishani. Freezer nafungua hiyo ikiisha."

"Na ukileta ng'ombe mpya kila asubuhi?"

Hapo ndipo nilielewa, na nilielewa kwa lugha ya bucha.

Nitawaeleza vile alinieleza. Chakula ikiwa nyingi, hasa hizi za wanga na sukari, mwili unaweka kidogo karibu, kwa ini na kwa misuli. Hiyo ndio ya kutumia haraka. Inayobaki yote inageuzwa mafuta inawekwa kwa chembe za mafuta, tumboni, shingoni, kwa matako, kila mahali. Kuna homoni inaitwa insulin. Kila ukila, hasa ukila kama mimi, inapanda, na ikiwa juu inaambia zile chembe: fungeni, wekeni, msitoe. Mimi nilikuwa nakula kutoka asubuhi hadi jioni. Freezer yangu haikuwahi kufunguliwa.

Ukikaa bila kula masaa fulani, au ukifanya kazi ya mwili, insulin inashuka. Homoni zingine zinakuja, hata ile ya kukimbia mbwa, adrenaline, zinaambia chembe zitoe. Mafuta yanavunjwa vipande. Kipande kimoja kinaenda kwa ini kinaweza kugeuzwa sukari. Vile vingine virefu vinabebwa na damu mpaka kwa misuli na kwa moyo, vinachomwa na ile hewa unayovuta. Hapo ndio unapata nguvu.

Nikauliza swali ambalo nadhani hata nyinyi mko nalo. "Sasa hayo mafuta yakishachomwa yanatokea wapi? Kwa jasho? Kwa choo?"

Kwa choo nilikuwa na matumaini, maana nilikuwa nimewekeza.

"Kwa pua," akasema.

"Yatanitokea puani?"

"Kabisa. Yakichomwa yanabaki maji na hewa chafu. Maji utakojoa na kutoa jasho. Lakini sehemu kubwa unaipumua. Kila ukipumua nje, kidogo cha kitambi kinaenda."

Maze. Nimetishiwa maisha yangu yote kwamba mambo yangu yatanitokea puani, kumbe ni sayansi.

Akanipa mpango. Ugali kipande cha ngumi, mboga za managu na sukuma sahani ijae, nyama kidogo isiyo na mafuta, maharagwe, soda kwaheri, mutura kwaheri. Baada ya chakula cha jioni mdomo ufungwe mpaka asubuhi. Na kutembea kila siku. Akasema pia nisijidanganye na kufanya sit-ups ili tumbo ndio liishe kwanza. Mwili hauulizi unataka kupunguzwa wapi, unatoa pale unapotaka.

Na kweli, kitu ya kwanza kuisha ilikuwa uso.

Hapo Kedowa ikaanza kazi. Mtu wa bucha amekonda uso, lazima ni ugonjwa. Mteja mmoja alinishika mkono akaniambia siku hizi kuna dawa nzuri, mtu anaishi miaka mingi. Mama mmoja wa kanisa akaleta mchele na pole. Mwenye bucha ya upande ule mwingine akaanza kuniamkia kwa upole, vile watu huamkia mtu ambaye wamekwisha kugawana wateja wake.

Mke wangu, Mama Wanja, alichoka kueleza. Akawa anajibu tu, "Tumemwachia Mungu."

Kutembea nilikuwa natembea na Kiplangat. Alikuwa ananipitia asubuhi na pikipiki, ama mimi naenda Sosiot kwa gari tunazunguka yale mashamba ya chai, kupanda na kushuka. Wakuu, msitembee na Mkipsigis mkidhani mnatembea. Yule mtu alikuwa anapanda mlima akiongea kwa simu, mimi nyuma napumua kama ng'ombe anazaa. Wanawake wachumaji wakiniona wanasimamisha kazi kabisa.

"Bole bole, shemeji," anasema kwa lafudhi yake ya Kikipsigis, bila kugeuka. "Mlima haiendi mahali."

Siku moja nilikaa chini katikati ya mistari ya chai nikakataa kuendelea. Nikamwambia aende, mimi nitazikwa hapa. Akarudi akakaa kando yangu. Kiplangat si mtu wa hotuba.

"Mimi nilitaka kumpa yangu," akasema. "Sikulala nikingoja majibu. Damu ikakataa. Sasa sina kitu ya kumpa. Naweza tu kutembea na wewe."

Akasimama akanipa mkono.

Nilisimama. Ungefanya nini?

Basi mambo yakawa yanaenda, mizani inashuka pole pole, na safari hii inakaa chini. Halafu Wairimu akashikwa na infection pale mahali mpira wa dialysis unaingilia. Akalazwa, homa juu, anaongea maneno hayaeleweki, ananiita kwa jina la baba yetu ambaye alishaenda. Alitoka salama, lakini nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata. Niliona muda unaisha.

Nikaamua kufunga. Hiyo ya Chebet niliona inachelewa. Nikawa nakunywa maji tu, na chai bila sukari, siku baada ya siku. Nikaacha hata ile ngumi ya ugali.

Mwanzo nilikuwa na hasira kama nyuki. Halafu njaa ikapotea, nikajiona malaika. Halafu Mama Wanja akaanza kunikwepa kitandani.

"Baba Wanja, unakunywa nini?"

"Maji."

"Maji gani inanuka hivyo?"

Alisema mdomo wangu unanuka kama ile dawa ya kutoa kuteksi kwa kucha, imechanganywa na ndizi zimeoza. Kwake hiyo ilikuwa na maana moja: chang'aa. Ati nimelemewa na mambo ya dada nimeanza kunywa kwa siri. Nikaapa. Hakuamini. Kesho yake mchana nikapata pastor amekaa kwangu na Biblia kwa goti.

"Ndugu Mwangi," akasema, "hebu nipumulie."

Nikampumulia. Pastor akafunga macho, akavuta tena kidogo, akatafakari.

"Mama Wanja, hii si chang'aa," akasema kwa uhakika. "Chang'aa naijua."

Mama Wanja akamwangalia pastor. Mimi nikamwangalia pastor. Pastor akafungua Biblia haraka mahali popote.

Alasiri ya siku hiyo nilianguka. Nilikuwa nimeinua mguu wa ng'ombe niuangike, dunia ikazima, nikaamka niko chini na ule mguu juu yangu na wateja wanabishana kama wanipepee ama wanimwagie maji.

Waliponifikisha hospitalini, Chebet alinikemea vile sijakemewa tangu darasa la tatu.

"Unajua ubongo hauwezi kuchoma mafuta moja kwa moja?" akauliza. "Ukiunyima sukari kabisa, ini linachukua mafuta linautengenezea chakula kingine. Kinaitwa ketone. Kikizidi kingine kinatoka na pumzi. Ndiyo hiyo harufu. Hiyo si dhambi, ni mafuta yako."

"Si hiyo ni vizuri basi? Yanatoka."

"Na misuli pia inatoka. Moyo ni msuli, mzee. Tena wewe na sukari ilivyokuwa, unafunga siku zote hizo bila mtu kukupima? Ukienda kupimwa ukiwa umedhoofika watakukataa tena. Halafu utamwambia nini dada yako?"

Nilirudi kwa ngumi yangu ya ugali kama mtoto ametandikwa. Mama Wanja akaomba msamaha. Pastor hatujamuuliza zaidi.

Ilichukua miezi mingi, wakuu. Si hadithi ya wiki. Mvua ndefu ilinikuta mlimani, na jua likanikuta mlimani. Kuna wiki mizani iligoma kabisa. Kuna harusi moja huko Ndanai nilisimama mbele ya sufuria ya pilau nikatokwa na machozi ya kweli. Lakini nguo zikaanza kuning'inia, sukari ikashuka, na siku moja pale mlimani nikagundua naongea na Kiplangat huku tukipanda. Naongea! Tulikuwa tunabishana juu ya bei ya maziwa, na nikashinda.

Tukarudi kwa yule daktari mfupi. Akapima kila kitu tena, damu, ini, moyo. Akasoma majibu, akayarudia.

"Huyu ni yule yule?" akamuuliza nurse.

Tukapewa tarehe.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Asubuhi ya upasuaji tulikuwa vitanda viwili kwa corridor moja, mimi na Wairimu, tumevaa zile gauni zinaacha matako nje. Sisi ni Wakristo wa heshima, lakini kitu tulichoongea ni matako.

"Yako yameisha kabisa," akaniambia. "Umekaa kama mzungu."

Halafu akanishika kidole, vile alikuwa ananishika tukienda shule. Wakamsukuma upande wake, mimi upande wangu.

Niliamka na maumivu ambayo hayana adabu. Ubavu unawaka, koo limekauka, siwezi kucheka, siwezi kukohoa, siwezi hata kulalamika vizuri. Nikauliza nurse juu ya dada, akasema subiri. Nikangoja nikihesabu mabaya yote.

Mlango ukafunguka, ni Kiplangat. Amevaa ile kofia ya karatasi ya hospitali, inamkaa vibaya. Mdomo unatetemeka. Nikasema moyoni, basi, imeenda.

"Amekojoa," akasema.

Mjue kwamba mtu wa dialysis kama Wairimu, figo zikishakufa, hata choo kidogo kinakauka. Dada yangu alikuwa hajakojoa zaidi ya mwaka mzima. Hata tone. Na sasa figo yangu ilikuwa imekaa ndani yake ikaanza kazi kabla hajaamka vizuri.

Kiplangat akatoa simu akanionyesha picha. Mfuko wa mkojo, umejaa nusu, unang'aa kama chai ya rangi. Mkipsigis mtu mzima, ambaye sijawahi kumwona hata akinuna, amesimama kando ya kitanda changu analia juu ya picha ya mkojo. Na mimi nikalia, na ubavu ukanikumbusha niache, na sikuacha.

Jioni walimleta Wairimu kwa wheelchair aniangalie. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwangi, hii figo yako ina kiherehere kama wewe," akasema. "Haitaki kupumzika."

Wakuu, hapo nilimaliza kumdai chochote duniani.

Nilichojifunza ni hiki. Mafuta hayayeyuki kwa jasho la nailoni wala hayaharishwi na chai ya mtandao. Mwili unayo njia yake ya kuyafungua na kuyachoma, ni ya pole pole, na inataka tu uache kuujazia kila saa na uutembeze. Zile chembe zenyewe Chebet anasema hazifi, zinanywea tu na zinangoja. Kwa hivyo hata leo nachunga, na nikiri kilo chache zimerudi kuniamkia. Na mtu akikonda kijijini kwenu, kabla ya kumletea mchele wa pole, muulize kwanza anaenda wapi.

Kama una ugonjwa ama unatumia dawa, usifunge kwa kichwa chako kama mimi. Tafuta Chebet wa kwenu.

Sasa uwanja ni wenu. Waliowahi kutoa figo, waliopewa, wanaopambana na kitambi, na hata wale waliokuja kunicheka, semeni. Na kama kuna mtu yuko karibu na Kedowa ameambiwa apungue ili aokoe mtu wake na anaona aibu kutembea peke yake, aniambie. Mimi na Kiplangat tunapita kila asubuhi, tunaenda bole bole, na mlima ni mkubwa, hatutagombania.